Maadamu Tanuri Linawaka

Nyumbani, 12 Januari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za sisi sote, tuliosimama na tuliolala. Mimi ni wa kulala. Niliteleza mlangoni mwa stoo ya unga, na mfuko niliokuwa nimeubeba ukanifuata chini, mguu ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Daktari amenifunga plasta mpaka gotini na kuniambia nisikanyage chini miezi miwili. Nikamwambia mimi nina duka la mikate. Akasema mkate utajioka. Madaktari wa siku hizi ndio hao.

Shemeji yako hajambo, anakoroma na kukicha anakana. Wapwa zako wazima. Yule mkubwa ameanza kunyoa ndevu ambazo bado hazijafika. Mama Mdogo naye yuko huko nyuma na tanuri lake, analiwasha kabla watu hawajaamka, hata siku ambazo hatuna oda ya maana. Unajua kwa nini analiwasha. Baba, siku zake za mwisho, alituita sote watatu kitandani, mimi, wewe na yeye mkewe, akasema, "Maadamu huyu anawasha tanuri, chumba cha nyuma ni chake, na asiguswe." Tukaitikia. Wewe uliitikia kwa sauti kuliko mimi. Huu ni mwaka wa sita na hajaacha kuwasha hata siku moja, hata siku aliyokuwa na homa.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Kulala kumenichosha. Nimeifungua ile kompyuta uliyoiacha, nikaukuta ule mchezo wako wa falme za kale, wenye mashamba na majeshi. Nimeujaribu mara tatu. Mara mbili watu wangu wamekufa njaa, na mara ya tatu tumechomwa moto na jirani mwenye bendera nyekundu. Mpwa wako amecheka mpaka akakaa chini. Nipe maelekezo ya mtu asiyejua kitu: naanza na nini, askari nawaweka lini, na mtu anajuaje kwamba ameshinda.

Niandikie kwenye karatasi, maana huko kwenu simu hazishiki. Na salamu usiziruke kwa haraka ya kujionyesha. Baba alikuwa akisema barua isiyo na salamu ni ya polisi.

Dada yako

(Chini, kwa mwandiko mwingine:) Mwanangu, kula. Kandambili zangu zimekwisha, sakafu hii inaniunguza nyayo. Huku shwari. Mama.


Kambini, 3 Februari

Dada, shikamoo.

Pole na mguu. Pole pia kwa daktari, maana najua siku utakayosimama utamtafuta. Mimi sijambo. Ukuta wa bwawa unapanda, mashine yangu inasaga kokoto kutwa, na vumbi lake tunalila bila kuliagiza. Tunalala wanne kwenye chumba cha mabati, na mwenzangu wa kitanda cha juu akijigeuza, anayeamka ni mimi. Barua zinakwenda na lori la vyakula. Dereva wake tunamwita Breki kwa sababu hana habari nazo. Anapita mtaani kwenu kila safari na mkate ananunua hapo dukani, kwa hiyo barua ikifika na tope usinilaumu mimi.

Mwambie Mama Mdogo nakula. Viatu nimevipata, vyeusi, vya soli nene ya mpira, vya watu wanaosimama kutwa. Breki atavileta pamoja na barua hii. Mtu aliyenibeba mgongoni kabla sijaota jino, akakanda unga nikiwa hukohuko mgongoni, hawezi kukanyaga simenti na kandambili.

Haya, mchezo. Kaa vizuri, leo umempata mwalimu.

Wageni wote wana kosa moja, wanakimbilia askari. Wakiona panga linang'aa wanataka mia. Dada, askari ni mdomo tu. Halimi, hajengi, anasimama pale anakusubiri umlishe. Kwanza ongeza wakulima. Wale watu wachache unaoanza nao watume kwenye chakula, na ile nyumba kubwa ya katikati isikae bure hata kidogo, itoe mkulima baada ya mkulima. Chakula kikisimama, ndipo uwapeleke wengine kwenye mbao. Mawe baadaye. Dhahabu ndiyo ya mwisho, ingawa ndiyo inayoita macho.

Ghala lijenge jirani na kitu kinachochumwa. Mkulima anayetembea mbali na mzigo kichwani umeshampoteza, hata kama yu hai. Mwangalie Mama Mdogo na kuni zake. Kuni ziko hatua chache tu kutoka mdomo wa tanuri, hageuki mara mbili. Na hapohapo ujifunze la pili: ufalme wowote una kitu kimoja ambacho kikikosekana, vingine vyote havina maana. Mpe Mama Mdogo unga wa kujaza nyumba, mpe hamira, mpe ufundi wake wote wa miaka thelathini. Mnyime kuni siku moja tu, lile tanuri ni rundo la matofali. Kwa hiyo kila unapocheza jiulize, kuni zangu ni zipi? Na za jirani ni zipi?

Mali usiirundike. Mbao zilizolala ghalani hazijakufanyia kazi. Jenga, panua, ukibakiza akiba ya siku mbaya. Na kuna kitufe kidogo pembeni kinachokuonyesha nani amekaa bure. Laiti Baba angekuwa nacho wakati ule nikitumwa unga.

Mambo ya vita nitayaeleza chakula kikisimama. Na hilo la kujua umeshinda liache kwanza, wageni hawafiki huko.

Mdogo wako


Nyumbani, 9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na salamu za wote. Plasta wameikata leo asubuhi. Mguu umetoka mwembamba kama wa mtu mwingine, lakini unakanyaga. Shemeji yako anasema sasa amani ya nyumba imekwisha. Wapwa zako wako kwenye mitihani. Kifurushi kimefika.

Nimefanya ulivyosema, na mpwa wako ameacha kunicheka. Wakulima wamejaa, maghala yamejaa. Ulilosema juu ya kuni nimelielewa sana.

Mama Mdogo ameanza kiburi. Wiki iliyopita mteja wa siku nyingi, yule mwenye hoteli ya kona, aliingia akataka nimpangie oda. Kabla sijafungua kinywa, yeye kutoka kule nyuma, "Aje azungumze na mimi, mwenye tanuri ni mimi." Mbele ya watu. Mimi niliyezaliwa humu nimekaa kwenye kiti, mguu juu ya ndoo, nasikia nani mwenye tanuri. Nikamwambia mteja, "Umemsikia."

Sasa nina tatizo mchezoni. Kuna ngome katikati ya ardhi yangu. Ni ndogo, ina mtu mmoja na walinzi wachache, na hainidhuru. Lakini kila nikitazama ramani, katikati ya rangi yangu naiona rangi yake. Niliirushia jeshi zima, wakafa wote chini ya ukuta, na majirani wakaniona mimi ndiye mbaya. Nifanyeje?

Dada yako


Kambini, 2 Aprili

Dada, shikamoo.

Namshukuru Mungu kwa mguu. Huku tumepata mvua, lori limekwama siku kadhaa na tumekula maharage mpaka tukaanza kuitana majina yake. Vinginevyo wazima.

Mama Mdogo msamehe. Aliposema mwenye tanuri ni yeye hakuwa na maana ya nyumba, alikuwa na maana ya kazi. Lile joto umekaa nalo wewe? Yeye amekaa nalo mpaka nyusi zimekwisha. Na mbona safari hii hakuniandikia mstari wake pale chini? Viatu vimemtosha? Niliotea tu saizi.

Haya, ngome. Kosa lako ni la kila mgeni, umeupiga ukuta kwa kichwa. Ukuta haujali. Nisikilize.

Kwanza tuma mpelelezi. Farasi mmoja tu, azunguke kwa mbali, aone chakula chao kinaingia kwa njia ipi na nani anakileta. Usipigane na mtu ambaye hujui anakula nini. Pili, jeshi lichanganye. Mikuki mbele kwa ajili ya farasi wao, mishale nyuma, farasi wako pembeni. Ukiwa na aina moja tu ya askari, adui naye anahitaji dawa moja tu. Lakini kwa ngome kama hiyo hata jeshi hulihitaji. Weka watu wako kwenye ile njia ya chakula, basi. Wala wasipige mtu, wasimame tu. Wale raia wanaomsaidia ndani, wape kazi kwako, watahama bila ugomvi. Kisha ngoja. Ngome huwa haianguki kwa mawe, huanguka kwa njaa. Na uzuri wake ni kwamba watafungua mlango kwa mikono yao, hakuna atakayesema umewafukuza.

Tatu, na hili ndilo linaloua wengi: usipigane pande mbili. Kabla hujamgusa mmoja, mtazame yule mwingine anayeweza kuja kumsaidia, na uhakikishe anakupenda. Mpelekee zawadi. Mtumie ujumbe. Muulize habari za watoto wake. Mtu aliye katikati ya kujibu salamu hana nafasi ya kunoa panga.

Umeona mwalimu? Nikitoka huku nitafungua shule.

Mdogo wako


Nyumbani, 20 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Leo nimekukumbuka tu. Kile kifua chako cha utotoni hakikusumbui kwa hilo vumbi? Nimempa Breki kopo la biskuti nilizooka mwenyewe, zile za siagi ulizokuwa ukiiba, na soksi mbili nzito. Mwenzako wa kitanda cha juu mpe moja, biskuti, si soksi, labda atajifunza kulala.

Wapwa zako wanakuuliza kila siku. Shemeji yako amekuchagulia mchumba, lakini kwa nilivyomwona, usiwe na haraka.

Mama Mdogo ana kazi nyingi, ndiyo maana haandiki. Anakusalimu.

Niandikie habari zako, hata zile ndogo. Ninapenda kuzisoma.

Dada yako akupendaye


Kambini, 11 Mei

Dada yangu, shikamoo mara mbili.

Nimeisoma barua yako nimekaa juu ya pipa, nikairudia. Tangu nizaliwe hujawahi kuniandikia "mpenzi". Nilidhani Breki amekosea mwenye barua. Biskuti ziliisha kabla sijafunga kopo. Soksi ninazo miguuni ninapoandika.

Unajua wewe hukuwa mtu wa maneno. Ulikuwa unanipiga kofi la kisogoni, kisha unanipa nusu ya andazi lako, na mimi nilikuwa najua maana yake. Lakini inapendeza mtu kuambiwa. Kifua kizima. Nimepandishwa cheo, sasa ninasimamia mashine mbili na kugombana na watu wawili badala ya mmoja. Nilikuwa nimeomba likizo mwezi ujao nije niwaone. Nikaona kwa barua hii huko hakuna shida yoyote, nikampa zamu mwenzangu ambaye mkewe yu karibu kujifungua. Nitakuja mwisho wa mwaka.

Mwambie Mama Mdogo asichoke sana. Na mstari wake nausubiri, hata ukiwa neno moja.

Ngome imefikia wapi?

Mdogo wako


Nyumbani, 30 Juni

Mdogo wangu,

Samahani kwa kukawia. Wote wazima. Mpwa wako mkubwa amefaulu, wa pili amefaulu kidogo.

Ngome imeanguka. Sikurusha hata jiwe. Nilikaa kwenye ile njia kama ulivyonifundisha, na asubuhi moja mlango ukafunguliwa kwa ndani, wakatoka.

Mama Mdogo amekwenda kwa ndugu yake kupumzika. Ameamua mwenyewe, hakufukuzwa na mtu. Chumba cha nyuma nimehamishia mifuko ya unga, stoo ilikuwa imebana mno.

Niambie sasa, mji ukishauteka unautulizaje? Watu wake hawafanyi kazi kama zamani, na kila mpita njia anauliza maswali.

Dada yako


Kambini, 22 Julai

Dada, shikamoo. Salamu nimezitoa kwa ajili ya Baba.

Barua yako ililetwa na Breki, na pamoja na barua alikuwa na maneno ambayo alizunguka nayo jikoni mpaka nikamvuta pembeni. Breki si mtu wa umbeya. Ni mtu wa mkate, na mkate wa kwetu anaula miaka mingi, kwa hiyo ulipobadilika aliuliza, na majirani wakamweleza.

Wamemweleza kwamba tangu Aprili muuza kuni aliambiwa ashushe mzigo mbele, uani kwako, na kule nyuma asikanyage. Wale akina dada wawili waliokuwa wakimsaidia Mama Mdogo ukawahamishia kaunta. Unga alikuwa nao. Hamira alikuwa nayo. Akawa anakwenda mwenyewe kuokota mbao mbovu kule kwenye jengo linalojengwa, anarudi nazo kichwani, kwa umri ule. Zilipokosekana alichoma kigoda. Akachoma ile meza ndogo ya Baba. Siku ya mwisho jirani alisikia nyundo, akachungulia, akamwona anakipasua kitanda chake. Mkate ulitoka siku ile, Breki ndiye aliyeununua. Kesho yake tanuri halikuwaka. Keshokutwa yake mwanao alimbebea Mama Mdogo begi hadi barabarani.

Nilipomuuliza Breki kama wewe ulikuwepo, akasema majirani walikuona umesimama mlangoni, umevaa viatu vyeusi vya soli nene.

Nimekaa na barua zangu kichwani, maana za kwangu unazo wewe. Nakumbuka kila nilichokuandikia. Kuni nilikutajia mimi. Njia ya chakula, mimi. Nilikuwa najifanya mwalimu na kumbe nilikuwa nakata miguu ya mtu aliyenilea.

Nijibu kwa maneno ya kawaida, usinijibu kwa ngome na rangi. Umefanya nini? Na kwa nini hukuniambia?

Mdogo wako


Nyumbani, 19 Agosti

Mdogo wangu,

Wote wazima. Nawe uwe mzima.

Umetaka maneno ya kawaida. Haya.

Tanuri lile lilijengwa na Mama. Si Mama Mdogo, Mama. Alikanyaga udongo wake akiwa na mimba yako, mimi nikimletea maji kwa kopo. Liliwaka mara ya kwanza, akaoka mkate mmoja ukaungua upande, akacheka, akasema wa pili utakuwa mzuri. Wa pili hakuuoka. Alikufa kwa kukuzaa wewe. Nguo zake zilikuwa bado zimeanikwa kwenye kamba, huyu akaingia na sanduku lake, na neno la kwanza aliloniambia ni, "Mtoto, anua zile nguo, hapa pana kazi." Wewe ulipata mama, mdogo wangu. Ulipata mgongo. Mimi nilipata mtu wa kunituma. Ulikuwa unamwita Mama mbele yangu, na nikikukataza unalia, na ukilia napigwa mimi. Baba naye akafa akampa hilo tanuri kwa mdomo wake, mbele yangu, na wewe ukaitikia kwa sauti.

Sikumgusa. Baba alisema maadamu anawasha. Hakusema mimi nimletee kuni. Alichoma kitanda kwa hiari yake, na angeniomba kuni ningefikiria, lakini hakuniomba, alikuwa na kiburi kile kile mpaka mwisho. Viatu ni vizuri. Mimi pia nasimama kutwa.

Siku aliyoacha kuwasha aliniuliza kitu kimoja tu, kama wewe unajua. Nikamwambia mimi na wewe tunaandikiana kila mara. Sikusema uongo.

Kwa nini sikukuambia. Kwa sababu ungekuja. Ungekuja na lori zima la kuni, ungesimama uani ukanitaja kwa majirani, na mimi ningeshindwa. Mchezo wenyewe niliuacha tangu Machi, unaumiza macho. Nilibaki nakuandikia wewe. Si uliniambia nisipigane pande mbili? Upande wa pili ulikuwa wewe. Ndiyo maana nikakuuliza kifua.

Biskuti lakini nilizioka kwa mikono yangu. Hilo nataka ulijue.

Mkate hauinuki vizuri. Wateja wanasema ni hamira, nimebadilisha mara mbili. Hujanijibu kuhusu kuutuliza mji.

Dada yako


Kambini, 27 Septemba

Nilipata ruhusa ya siku chache nikaenda kwa ndugu yake Mama Mdogo. Nilimkuta uani anapeta mchele wa watu. Alinyanyuka, akanikaribisha, akaingia ndani akaniletea kiti. Dada, alinifutia kiti kwa kanga yake, kama mgeni. Mimi niliyekuwa nakaa juu ya mfuko wa unga miguuni pake.

Nilimwambia sikuwa najua. Akasema, "Sawa, baba." Nikarudia. Akasema, "Sawa, usijisumbue, yamepita." Nikamuuliza mbona hakuniandikia. Akasema aliandika mara tatu, akakupa wewe uweke kwenye bahasha zako kama siku zote. Kisha akaniambia hili, bila hasira, huku anaendelea kupeta: "Kitanda kilipokwisha, mlango ulikuwa bado. Ule mlango wa mninga ungenifikisha wiki, na ndani ya wiki nilijua utafika. Dada yako aliponiambia mnaandikiana, nikasema basi, watoto wamekubaliana. Ndiyo nikaweka nyundo chini."

Kwa hiyo ngome yako haikuanguka kwa njaa. Ilianguka kwa barua zangu.

Nilimwambia nitampangia chumba mjini, nitamjengea tanuri. Akasema amezeeka, joto halimpendi tena. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka njiani. Hakuniambia nile.

Kuhusu kuutuliza mji, sijui. Mimi huwa nauhama.

Lakini kuna swali lako nililiruka. Uliniuliza Januari, ukiwa umelala na plasta yako, mtu anajuaje kwamba ameshinda. Nilikwambia wageni hawafiki huko, nikakosea. Hakuna tarumbeta, na hakuna anayekuja kukupongeza. Unatazama ramani unaikuta yote ni rangi yako, kutoka pembe hadi pembe. Unatuma salamu upande huu, unatuma upande ule, hazijibiwi, kwa sababu hakuna aliyebaki.

Breki nimemwambia asipokee tena bahasha kutoka dukani kwako. Hongera, Dada.